Njia za Kuingia Katika Uuguzi

Tumfikirie mtu wa Ndithini, upande wa Masinga katika Machakos, aliyekwisha kulima au kuuza dukani miaka kumi, kisha akaazimia kuwa muuguzi. Ana watoto, wala hana fedha za kuchezea. Swali lake ni hili: asome kwa njia ipi? Yafaa kwanza aitazame historia, kwani njia hizo hazikufunguliwa zote kwa siku moja.

Wakati wa utawala wa Waingereza, watu wengi walijifunza kuuguza humo humo wodini. Aliyesafisha vidonda na kuvifunga aliitwa dresa. Mwaka 1927 Serikali ilianza mafunzo ambayo ndiyo asili ya Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, ambacho leo kina tawi Machakos. Vita Kuu ya Pili ilipotokea mwaka 1939, Wakamba wengi waliingia jeshini, na miongoni mwa askari wa Afrika Mashariki walikuwamo waliofundishwa kuhudumia majeruhi. Amani iliporudi mwaka 1945, baadhi ya askari wa namna hiyo walipata kazi hospitalini. Hao nao walikuwa wamebadili kazi, na shule yao ilikuwa vita.

Baadaye masomo ya uuguzi yaligawanyika madaraja. Cheti kilikuwa njia fupi, stashahada ilidai muda zaidi, na mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada. Sheria ya Wauguzi ya mwaka 1983 ililipa Baraza la Wauguzi mamlaka ya kusimamia mafunzo na kuwaandikisha waliohitimu.

Mwenye jamaa ya kulisha hakuwa mjinga alipochagua cheti, maana alipata mshahara mapema, na zahanati za mashambani zilimhitaji sana. Lakini maradhi na matibabu yalipozidi kudai ujuzi, ilionekana kwamba stashahada ndiyo iwe ngazi ya chini. Hapo wauguzi zaidi ya 20,000 wenye cheti wakajikuta nyuma. Kama wote wangeacha kazi wakarudi darasani, nani angewatazama wagonjwa? Basi mwaka 2005 shirika la AMREF, likishirikiana na Baraza na wengineo, lilianzisha masomo kwa kompyuta, ili muuguzi asome pasipo kuiacha wodi yake.

Habari hii yatufunza kwamba haitoshi kuuliza ni njia gani iliyo fupi. Mtu wetu wa Ndithini na aulize pia kama njia hiyo ina mlango upande wa pili, atakaopitia akitaka kuendelea. Tena ahakikishe kwamba chuo chake kimekubaliwa na Baraza. La sivyo, atapoteza ada na miaka yake bure.

Liko jambo moja zaidi, nalo lawahusu ninyi mnaosoma sasa. Mlango wa chuo cha uuguzi hufunguliwa kwa alama za shule ya sekondari, hasa za biolojia na za lugha. Mkulima yule atakapoomba nafasi, ataulizwa alama alizozipata alipokuwa kijana, siku ambazo huenda hakuwaza hata kidogo habari za hospitali. Nanyi leo hamjui mtaomba kazi gani baada ya miaka ishirini.