Uhud: Uamuzi Uliojutiwa Kabla ya Safari

Wanafunzi wetu hutujia wamekwama: kuoa, kusoma, kuhama. Wanaogopa kukosea, kisha kujuta. Turudi Madina, Shawwal mwaka wa 3 Hijria (625).

Maquraishi wapatao 3,000 walipokaribia, Mtume (s.a.w.) alifanya shura. Yeye aliona wabaki mjini. Vijana, hasa waliokosa Badr, walitaka kutoka. Akakubali, akaingia nyumbani kuvaa deraya. Hapo wakajuta kuwa wamemlazimisha, wakamwomba abaki. Akakataa: haimfai Nabii kuivua akishaivaa, mpaka Mwenyezi Mungu ahukumu.

Wapiga mishale wengi walipoacha kilima, vita viligeuka. Waislamu wapatao 70 wakafa mashahidi. Je, shura ilikuwa kosa? Tazameni Aal Imran, Aya ya 159, iliyoteremka baada ya msiba ule: Mtume aliamrishwa awasamehe, azidi kushauriana nao, na akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu.

Basi wazazi, kijana akikosea tusimfungie mlango wa shauri. Nanyi wanafunzi, takeni shauri, swalini istikhara, azimieni, kisha tawakalini. Matokeo ni ya Mola wetu.

Wabillahi tawfiq.