Mbayuwayu na malazi yao katika matete

Kila mwaka, mvua zikianza kunyesha huku kwetu Katanga, wanafunzi wanatuuliza: « Mwalimu, hawa ndege banatoka wapi? » Wanasema juu ya mbayuwayu. Mchana wanawinda wadudu juu ya mashamba. Jua likitaka kutua, wanakusanyika, wanazunguka hewani, kisha wanajitupa ghafla ndani ya matete, pembeni ya mito na hata mwisho wa bustani zetu. Mule ndimo wanalala, mara nyingine kwa maelfu.

Wengi wao wanatoka Ulaya. Kule, wakati wa baridi, wadudu wanaoruka wanakosekana, na ndicho chakula chao. Mbayuwayu ana uzito wa gramu 20 hivi tu, lakini anavuka bahari ya Mediterane na jangwa la Sahara. Wengine wanabaki Kongo, wengine wanaendelea mpaka Afrika Kusini.

Lakini wenyeji wa Ulaya walifikiri nini zamani? Aristote, mwenye hekima wa Wagriki, aliandika kwamba mbayuwayu wengine wanajificha ndani ya mashimo. Mwaka 1555, askofu mkuu Olaus Magnus wa Sweden aliandika kama wanalala chini ya maji, na wavuvi wanawavuta kwa nyavu. Hata Linné, mtaalamu mkubwa wa karne ya 18, alisadiki hivyo.

Tusiwacheke. Kule pia, mbele ya safari, mbayuwayu wanalala katika matete pembeni ya maji. Watu waliwaona magaribi wakishuka mule, kisha siku moja hawakuwaona tena. Ilikuwa rahisi kusema: wamezama.

Jibu lilitoka Afrika. Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, watu waliua korongo mweupe aliyechomwa shingoni na mshale wa urefu wa sentimeta 80 hivi. Wataalamu walitambua kwamba ni mshale wa Afrika ya Kati. Ndege huyo anatunzwa mpaka leo katika chuo kikuu cha Rostock. Mwindaji wa huku, ambaye jina lake halikuandikwa popote, alifundisha Ulaya somo kubwa pasipo kujua.

Kisha mwaka 1899, Mortensen, mwalimu wa Denmark, alianza kuwafunga ndege pete za aluminiamu zenye namba. Mbayuwayu aliyefungwa pete Uingereza mwezi wa tano 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi wa kumi na mbili 1912. Mabishano yakaisha.

Sisi tunaona nini katika historia hii? Mkulima wa huku aliona kila jioni kitu ambacho wenye vitabu walikitafuta kwa miaka mingi. Kosa letu ni kutoandika. Muzee anakufa, na yale aliyoyaona yanaenda naye.

Tena leo matete yanakatwa, yanachomwa moto juu ya kupanua bustani na kujenga nyumba, na batoto wanawapiga ndege usiku wakiwa usingizini. Tuache basi sehemu ya matete karibu na maji. Tuwatume wanafunzi kwa wazee, na daftari mkononi, wawaulize: mbayuwayu walikuwa wanalala wapi zamani, na walifika mwezi gani? Mgeni aliyevuka jangwa asikose kitanda kwetu.