Gurudumu la Upepo na Tundu Lisiloonekana

Msomaji, ukisafiri kwa barabara itokayo Chebilat kuelekea Chabera utapita Ikonge, kituo cha soko katika Kaunti ya Nyamira, nchi ya vilima, migomba na mashamba ya chai. Hapo, kama katika masoko yote ya Wagusii, gurudumu ni mtumishi wa watu wote. Hubeba ndizi, majani mabichi ya chai, wagonjwa na wanafunzi. Na penye magurudumu mengi hapakosi fundi wa matairi. Vyombo vyake si vingi: pampu, msasa, gundi, vipande vya mpira na karai la maji. Tairi lililopasuka wazi halimsumbui, kwa sababu kila mwenye macho huliona. Linalomtaka akili ni lile lililojaa jioni na kulegea asubuhi, wala halina msumari wala jeraha. Upepo wake hutoka polepole, mfano wa mwizi achukuaye punje moja moja ghalani.

Nataka kukueleza habari ya upepo huo. Utaona kwamba historia ya gurudumu la upepo ni historia ya watu waliotafuta tundu wasiloliona, na kwamba kila walipoliziba mahali pamoja lilijitokeza mahali pengine.

Kwa maelfu ya miaka magurudumu yalikuwa ya mti, na baadaye yakavikwa chuma. Yalikuwa na nguvu, lakini yalimtikisa abiria na kuvunja mzigo. Mpira utokao katika utomvu wa miti ulijulikana na wenyeji wa Amerika tangu kale, lakini ulikuwa na tabia mbaya: joto liliulainisha ukanata, na baridi iliufanya mgumu. Katika mwaka wa 1839 Charles Goodyear wa Marekani aligundua kwamba mpira uliochanganywa na salfa na kupashwa moto huiacha tabia hiyo. Miaka 6 baadaye, yaani 1845, Mskoti aitwaye Robert William Thomson alipewa hati ya uvumbuzi wa gurudumu lililojazwa upepo, na mwaka wa 1847 magurudumu yake yalijaribiwa London. Yalikwenda kwa ulaini na ukimya. Lakini mpira ulikuwa ghali, na baisikeli na motokaa za kuyatumia hazijakuwapo. Uvumbuzi ule ukasahauliwa kwa miaka 40.

Aliyeufufua hakuwa na habari za Thomson. John Boyd Dunlop alikuwa mganga wa wanyama katika mji wa Belfast. Mwaka wa 1887 alitaka kumpunguzia mwanawe mtikisiko wa baisikeli yake ya magurudumu matatu. Alifunga mpira wenye upepo juu ya kisahani cha mti, akakivingirisha uani pamoja na gurudumu la kawaida. Chenye upepo kikaenda mbali zaidi. Mwaka wa 1888 alipewa hati, ingawa mwaka wa 1890 ilitenguliwa kwa kuwa Thomson alikuwa amemtangulia.

Sasa wapanda baisikeli walipata raha, na pamoja na raha walipata adha mpya. Gurudumu la mti halitobolewi na mwiba, lakini la upepo hutobolewa. Tena tairi la Dunlop lilikuwa limegandishwa kwenye gurudumu kwa gundi. Mwaka wa 1889 mpanda baisikeli mmoja alifika katika kiwanda cha ndugu wawili wa Michelin, katika mji wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, akiwa na tairi la namna hiyo lililotobolewa. Kulibandua na kulitengeneza kulichukua saa tatu, na gundi ikahitaji usiku mzima kukauka. Ndugu wale wakatambua kwamba dawa si mpira mgumu zaidi, bali ni tairi linalovulika upesi ili tundu litafutwe. Mwaka wa 1891 walitoa tairi hilo, na mwaka huo huo Charles Terront alilitumia akashinda mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi. Tangu hapo ikawezekana kuuvua mpira wa ndani njiani, kuutia majini, na kutazama mapovu yanapotokea. Kanuni ya karai la Ikonge ni hiyo hiyo.

Palibaki mlango mmoja ambao hauwezi kuzibwa kabisa, kwa kuwa ndiyo njia ya kuingizia upepo. Mlango huo ni valvu. Katika miaka ya 1890 August Schrader wa New York alitengeneza valvu ambayo upepo wenyewe husaidia kuifunga kutoka ndani. Mfano wake ungali katika magurudumu ya motokaa na pikipiki mpaka leo.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, msomaji, tuulize mpira huo wote ulitoka wapi. Miti ya mashambani haikuwa tayari. Mbegu ambazo Henry Wickham alizichukua Brazili mwaka wa 1876 zilihitaji miaka mingi kabla ya kuzaa mashamba makubwa ya Malaya na Ceylon. Kwa hiyo Ulaya iligeukia mpira wa mwituni, na sehemu yake ilitoka katika Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji tangu 1885. Watu walilazimishwa kuingia msituni kukusanya utomvu wa mitambaazi. Wanawake walifungwa kuwa rehani mpaka waume zao walete kipimo kilichotakiwa. Vijiji vilichomwa moto, watu waliuawa, na wengine walikatwa mikono. Karani mmoja wa kampuni ya meli, Edmund Morel, aliona katika hesabu kwamba meli zilitoka Kongo zimejaa mpira na pembe, lakini zilirudi huko na bunduki na risasi, si bidhaa za kuulipia mpira ule. Kwa hesabu hiyo alijua kwamba kazi ile ilikuwa ya utumwa. Mwaka wa 1904 taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ilithibitisha maovu yale, na mwaka wa 1908 Leopold alinyang'anywa nchi hiyo, ikawa koloni la Ubelgiji. Basi raha ya gurudumu la Ulaya ililipiwa kwa mikono ya Waafrika, nasi tulitumiao leo hatustahili kulisahau hilo.

Huku kwetu magurudumu ya upepo yalikuja pamoja na utawala wa kikoloni. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na Waingereza wakaweka kituo cha serikali Kisii mwaka wa 1907, baada ya kuwashambulia Wagusii mwaka wa 1905. Wakawashambulia tena mwaka wa 1908. Baisikeli na malori yakafuata barabara. Wakulima wadogo walipoanza kupanda chai, na Mamlaka ya Ustawi wa Chai ilipoundwa mwaka wa 1964, gurudumu likawa jambo la lazima. Maana jani la chai lililochumwa asubuhi sharti lifike kiwandani upesi, kabla halijaharibika.

Wakati huo elimu ya mpira nayo ilikuwa imekwenda mbele. Mwaka wa 1937 wanasayansi wawili wa Marekani, William Sparks na Robert Thomas, walitengeneza mpira uitwao butili. Mpira wa miti, hata usipokuwa na tundu, hupitisha upepo kidogo kidogo. Butili huuzuia kwa ubora zaidi. Mwaka wa 1947 kampuni ya Goodrich ilitangaza tairi lisilo na mpira wa ndani. Msumari ukilichoma, mara nyingi mpira huubana, upepo ukatoka taratibu badala ya tairi kulegea kwa ghafula. Hii ni faida kubwa, lakini ina hila ndani yake: kilichokuwa ajali ya dakika moja kimekuwa ugonjwa wa siku kumi. Tena tairi hilo hutegemea rimu iwe safi. Kutu kidogo, au mchanga chini ya ukingo mnene wa tairi, yatosha kuufungulia upepo njia.

Basi mtu huutambuaje ugonjwa huo? Chukua mfano wa trela, kwa sababu trela hukaa siku nyingi bila kuvutwa, na mtu huitazama siku ya safari tu. Kwanza, fundi mwenye busara hapimi mara moja. Hupima asubuhi kabla jua halijapasha mpira moto, huandika, kisha hupima tena siku ya pili saa ile ile. Afanya hivyo kwa kuwa joto hudanganya. Mfaransa Gay-Lussac alionyesha mwaka wa 1802 jinsi hewa inavyotanuka kwa joto, na hewa iliyofungiwa isiyoweza kutanuka huongeza msukumo wake. Trela iliyojazwa adhuhuri, joto likiwa nyuzi 28 na kipimo kikionyesha ratili 65 kwa inchi ya mraba, alfajiri ya nyuzi 12 itaonyesha ratili 61 hivi, ingawa hakuna upepo uliotoka. Kwa hiyo hulinganisha magurudumu yenyewe kwa yenyewe. Yakishuka yote sawasawa, amlaumu baridi. Likishuka moja kupita wenzake, hilo lina tundu.

Pili, huanza na valvu kwa kuwa ni rahisi. Hutia tone la maji ya sabuni mdomoni mwake na kungoja. Povu likivimba, sindano ya ndani ni mbovu. Huipinda shina la valvu kidogo kidogo, maana mpira wa shina hupasuka kwa jua. Tatu, hutazama uso wa tairi, akilizungusha, kwa sababu msumari waweza kuziba tundu lake ukiwa juu na kulifungua ukiwa chini ya mzigo. Akiuona haung'oi kabla ya kutia alama. Nne, hupaka sabuni mahali tairi linapokutana na rimu, pande zote mbili. Tairi likiwa dogo hulitia lote karaini. Likiwa kubwa huyaleta maji kwenye tairi. Na katika kila hatua hangoji nukta moja akaondoka, kwa kuwa tundu dogo hutoa povu moja kwa muda mrefu.

Usidhani kwamba hayo ni mambo madogo. Tairi lenye upepo haba hujikunja kila linapozunguka, hupata moto ndani, na mwishowe hupasuka likiwa mwendoni. Katika baisikeli au pikipiki mpandaji huuhisi ulegevu mapema. Katika trela dereva hahisi kitu mpaka mzigo umeyumba nyuma yake. Katika miteremko ya Ugusii, ambako mvua hunyesha mara nyingi na barabara imejaa watoto watokao shule, kosa hilo laweza kuua watu ambao hawakujua hata kwamba trela ile ipo.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; haba na haba pia hukimaliza. Thomson, Dunlop, ndugu wa Michelin na Schrader walitupa gurudumu, na watu wa Kongo wasiotajwa majina waliulipia mpira wake. Lakini hakuna hata mmoja katika hao aliyeweza kutupa gurudumu lisilohitaji kutazamwa. Kazi hiyo imeachiwa kila kizazi. Basi, kijana, utakapokuwa na chombo chako, kiwe baisikeli au lori, kipime kabla ya safari, andika ulichokipima, na usiridhike kuongeza upepo kila asubuhi pasipo kuuliza ule wa jana ulikwenda wapi.