Al-Inkishafi na Historia Iliyosahaulika ya Pate

Msomaji mpenzi, ikiwa umewahi kufunza au kufunzwa Al-Inkishafi, bila shaka umezoea kuambiwa kwamba hilo ni shairi la kidini: mtunzi anauonya moyo wake usighurike na dunia. Maelezo hayo ni sahihi, ila yana upungufu mmoja. Yanaifanya Pate ionekane kama mfano uliobuniwa ili kuthibitisha kwamba kila chenye mwanzo kina mwisho. Pate ni mji wa kweli, na watu wake walikuwa wa kweli. Makala haya yanakusudia kukuonyesha jinsi fasihi inavyoweza kutusaidia kuifufua historia yao, na pale ambapo fasihi peke yake haitoshi.

Kisiwa cha Pate kimo katika visiwa vya Lamu. Miongoni mwa miji yake ya kale ni Pate yenyewe, Siu, Faza na Shanga. Faza iliteketezwa na Wareno mwaka wa 1587. Mji wa Pate ulistawi sana katika karne ya 17 na ya 18, na unahusishwa na Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo, ulioandikwa mwaka wa 1728. Baadaye ugomvi wa kugombea ufalme na uhasama na Lamu uliudhoofisha. Mnamo mwaka wa 1812 hivi, Pate na washirika wake, Wamazrui wa Mombasa, walishindwa vibaya na watu wa Lamu huko Shela. Wataalamu wanakadiria kwamba Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne hiyo ya 19.

Hebu sasa tuwaite mashahidi watatu.

Shahidi wa kwanza ni shairi lenyewe. Zisome tena beti zinazoeleza majumba ya matajiri. Utakutana na taa, vyombo vya kaure na zidaka zilizochongwa ukutani. Kisha utawaona popo na ndege wakiwa ndio wenyeji wapya. Haya si mapambo matupu ya lugha. Zidaka zinaonekana katika magofu ya mwambao, na vigae vya kaure kutoka China vimefukuliwa katika visiwa hivyo. Hata hivyo, nia ya mtunzi ni kuonya. Hatuelezi ni vita gani vilivyoudhoofisha mji wala ni biashara gani iliyofifia. Kwa hivyo, mtahiniwa anayeandika kwamba Pate iliangamia kwa sababu ya anasa anachanganya funzo la shairi na sababu za kihistoria.

Shahidi wa pili ni tarehe ya Pate, yaani kumbukumbu za wafalme wake. Inasemekana kwamba nakala ya asili ilipotea mwaka wa 1890 Waingereza waliposhambulia Witu, makao ya mwisho ya ukoo wa Nabahani. Tulizo nazo leo zinatokana kwa kiasi kikubwa na masimulizi ya Bwana Kitini, aliyekuwa wa ukoo huo huo. Tarehe hiyo inadai kwamba Wanabahani walifika kutoka Uarabuni mwanzoni mwa karne ya 13 na kuanza kutawala. Wanahistoria wengi wanalitilia shaka dai hilo. Nawe msomaji, jiulize: msimulizi wa ukoo wa kifalme alinufaika vipi kwa kuurefusha utawala wa wazee wake?

Shahidi wa tatu ni ardhi. Katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba Shanga, karibu na Siu. Chini ya msikiti wa mawe alikuta mabaki ya misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, kuanzia karne ya 8. Vyungu vya tabaka za mwanzo vilikuwa vya kienyeji, vya aina iliyotumika kotekote mwambaoni na hata bara. Hapo ndipo umuhimu wa jambo hili ulipo. Kwa muda mrefu vitabu vilidai kwamba miji hii ilijengwa na wageni. Shanga inatuonyesha wenyeji waliojenga kwa miti na udongo, wakasilimu, wakafanya biashara, na hatimaye wakajenga kwa mawe ya matumbawe. Mji huo ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15.

Lakini wapo watu ambao shairi la matajiri na tarehe ya wafalme haviwapi nafasi. Nani alikata matumbawe na kuchoma chokaa? Nani aliwapepea matajiri wale? Rejelea Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858 na mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyepambana na Sultani wa Unguja. Kwa kawaida tunausoma kama mawaidha ya ndoa tu. Tazama, hata hivyo, pale mama anapomwonya bintiye asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Kwa onyo hilo moja, watumwa wanaingia katika historia ya kisiwa, ingawa wao wenyewe hawapewi nafasi ya kusema.

Mwalimu mwenzangu, unapofunza tungo hizi, wape wanafunzi maswali matatu kwa kila shahidi: Ni nani anayesema? Anasema kwa faida ya nani? Ni nani aliyeachwa nje? Kisha waulize kuhusu magofu, makaburi au majina ya mahali yaliyo karibu na shule yenu. Nawe mtahiniwa, ukitakiwa kujadili Al-Inkishafi kama kioo cha jamii, usikomee kwenye maudhui ya mauti. Taja Pate, Shela na Shanga, nawe ueleze ni kipi shairi linakithibitisha na ni kipi linakinyamazia.