Usonji wa Wanawake na Jumamosi ya Mfinyanzi wa Ikombe

Leo Kanner alipoueleza usonji huko Baltimore mwaka 1943, watoto 8 kati ya 11 aliowachunguza walikuwa wavulana. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliandika kuhusu wavulana 4 wa Vienna. Grunya Sukhareva, daktari wa Moscow, alikuwa ameshaandika juu ya wasichana tangu 1927, lakini kwa miaka mingi wachache walimsoma. Vipimo vikatungwa kwa sura ya mvulana. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2017 ulikadiria uwiano kuwa karibu wavulana 3 kwa msichana 1, si 4 kwa 1 kama ilivyozoeleka, ukaonya kwamba wasichana wengi hupita bila kutambuliwa.

Husemwa kwamba msichana huiga: hukariri salamu, huvizia wenzake wanapocheka naye acheke, hujilazimisha kumtazama mtu machoni. Ni kweli, ila haitoshi, kwa sababu wanaomtazama wanaachwa nje ya maelezo. Nashikilia kwamba malezi yetu humsifu msichana kwa dalili zilezile ambazo zingempeleka kaka yake kwa mwalimu mkuu. Akinyamaza, ana adabu. Asipotoka nyumbani, ametulia. Akirudia kazi moja kutwa nzima, ni mchapakazi, na wakwe watamtafuta.

Tuitazame Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone. Ufinyanzi huko ni kazi ya wanawake: udongo hukandwa, chungu hufinyangwa kwa mkono, husuguliwa, hupakwa rangi, huchomwa, kisha hupelekwa kwa mtumbwi kwenye soko la Jumamosi la Lyulilo, Matema. Simbandiki mfinyanzi yeyote hali asiyoijua. Nauliza tu kama tungemtambua mwenye usonji akiwa miongoni mwao. Siku za kufinyanga huenda zingemfaa: mpangilio haubadiliki, na umakini wake unaonekana kwenye ukingo wa chungu. Sokoni kuna makelele, kusukumana, salamu ndefu, kupatana bei na mgeni. Akirudi jioni akajifungia bila kusema na mtu, ataambiwa anaringa. Miaka ikipita, uchovu huo hugeuka sonona, na sonona ndiyo itakayotibiwa, kama atatibiwa. Mchunguzi anayetazama mikono yake tu hataona kitu. Aulize Jumamosi inamgharimu nini.

Utafiti wetu nao umeelekea utotoni; ule wa Tanzania uliochapishwa 2006 ulichunguza watoto 20. Mwanamke mzima hajapata mlango, ingawa upo mmoja anaoupita mara kwa mara: kliniki ya mama na mtoto. Maswali machache kuhusu kelele, mguso na uchovu wa baada ya mikusanyiko yanaweza kuulizwa hapo, kwa lugha anayoongea nyumbani. Na mama anayemleta mtoto aliyechelewa kuongea aulizwe pia utoto wake mwenyewe ulikuwaje.