Fahamu: Kwa nini ndege haiwezi kwenda polepole sana angani

Gari likipunguza mwendo, mwisho wake ni kusimama. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi huanguka, hata kama injini zake zinanguruma vizuri. Katika makala hii tunaeleza sababu yake, nayo iko nyuma ya bawa, mahali ambapo macho yetu hayaoni kitu.

Tuanzie mtoni. Ukitazama jiwe lililo katikati ya maji yanayotiririka, utaona kwamba nyuma yake maji huzungukazunguka na kwenda taratibu kuliko yale ya pembeni. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Bawa likipita, huacha nyuma yake mkia wa hewa iliyovurugika.

Mwaka 1904 mwanasayansi wa Ujerumani, Ludwig Prandtl, alieleza chanzo chake. Hewa inayogusa bawa hupunguzwa mwendo na msuguano, ikawa tabaka jembamba lililoshikamana na bawa. Tabaka hilo likifika ukingo wa nyuma hutoka na kuwa mkia. Mambo yakiwa sawa, mkia huo ni mwembamba.

Mwendo ukipungua

Ili bawa liendelee kubeba uzito uleule kwa mwendo mdogo, rubani hulazimika kuinua pua ya ndege. Pembe ikizidi, kwa mabawa mengi ni karibu digrii 15, hewa hushindwa kufuata mgongo wa bawa na kubanduka. Mkia hupanuka, na nguvu ya kuinua ndege hushuka ghafla.

Dawa yake ni kushusha pua ili hewa ishikamane tena na bawa, kisha kuongeza mwendo. Lakini kushusha pua kunahitaji nafasi chini ya ndege. Ndiyo maana kosa hili ni la hatari zaidi wakati wa kupaa na kutua, ardhi ikiwa karibu.

Ndani ya injini

Injini ya jeti ina kompresa, yaani safu nyingi za mapanga madogo yanayobana hewa kabla ya mafuta kuwaka. Kila panga ni bawa dogo, nalo lina mkia wake. Mkia wa safu ya mbele huyapiga mapanga ya nyuma maelfu ya mara kwa sekunde. Kwa hiyo waundaji huchagua kwa makini idadi ya mapanga ya kila safu, ili mapigo hayo yasilete mtetemo wa kuyavunja.

Injini ikizunguka polepole, kama inapowashwa, hewa inaweza kuyafikia mapanga kwa pembe mbaya. Mikia ikivimba mno, hewa iliyobanwa hurudi nyuma kwa mshindo, wakati mwingine na miali ya moto. Kuzuia hilo, injini nyingi zina vali zinazofunguka kupunguza hewa, na mapanga yasiyozunguka ambayo hugeuzwa pembe kulingana na mwendo.

Kwa hiyo ukiiona ndege ikikimbia mbio ndefu uwanjani kabla ya kupaa, fahamu kwamba inatafuta mwendo utakaoifanya hewa ishikamane na mabawa yake.