Fred M'membe: Kutoka Chumba cha Habari Hadi Sanduku la Kura

Ukiwa Kasesya, Zambia ni ng'ambo tu ya kizuizi. Barabara inayotoka Sumbawanga kupitia Matai haikomei hapo, inaendelea hadi Mbala, na Walungu na Wamambwe wana ndugu pande zote mbili. Ajabu ni kwamba jirani tunamjua kwa mahindi na kwacha, ila historia ya magazeti yake hatuijui. Kwa hiyo leo nataka tumzungumzie Fred M'membe.

M'membe alisomea uhasibu. Mwaka 1991, Kenneth Kaunda akiwa anaelekea kuondoka baada ya miaka 27 madarakani, yeye na wenzake walianzisha gazeti la The Post mjini Lusaka. Kaunda akaondoka, akaja Frederick Chiluba, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Februari 1996 serikali ilipiga marufuku toleo moja la gazeti hilo, pamoja na nakala yake ya kwenye intaneti. Mwezi uliofuata, M'membe na mwenzake Bright Mwape walikaa gerezani siku 24, kwa madai ya kulidharau Bunge. Mwaka 2010 akahukumiwa tena, miezi minne, safari hii kwa kuidharau mahakama.

Sasa mlinganishe na Benjamin Mkapa wetu. Mkapa alihariri The Nationalist na Uhuru, magazeti ya TANU, kisha Daily News la serikali. Mwaka 1974 akawa mwandishi wa habari wa Rais Nyerere, 1977 Waziri wa Mambo ya Nje, na 1995 akaingia Ikulu. Kwake meza ya mhariri ilikuwa ngazi, kwa sababu gazeti na dola vilikaa nyumba moja. M'membe alikaa nje ya nyumba hiyo, akirusha mawe.

Si kwamba mikono yake haikugusa siasa kabla. Mwaka 2011 The Post lilimuunga mkono Michael Sata, naye akashinda. Sata alipofariki mwaka 2014, gazeti likawa mwiba kwa Edgar Lungu. Juni 2016, miezi miwili kabla ya uchaguzi, mamlaka ya mapato ililifunga kwa madai ya kodi. Serikali ilisema ni deni tu. Wenye gazeti walisema ni siasa. Kufikia mwisho wa mwaka lilikuwa chini ya mfilisi. Gazeti la mhasibu likafa kwa hesabu!

Mwaka 2018 M'membe akajitokeza kuongoza Chama cha Kisoshalisti, na Agosti 2021 akagombea urais. Alipata kura zisizofika 20,000, katika uchaguzi uliopigwa kura zaidi ya milioni 4.

Binafsi namba hiyo inanisumbua, maana nami nakula kwa kalamu. Sisi waandishi hupenda kuamini kwamba anayetusoma yuko nasi. Kumbe msomaji alinunua gazeti ili mtu mwingine amwambie mkubwa ukweli. Hakuahidi kumpa mtu huyo nchi. Kura inataka matawi vijijini, mafuta ya gari na watu wa kulinda vituo, na hayo tahariri haiyaleti.

Je, alipoteza? Kwenye sanduku, ndiyo. Lakini Desemba 2022 Zambia ilifuta kosa la kumkashifu rais, kosa ambalo M'membe alishtakiwa nalo enzi za Chiluba. Hakuwa mbunge wala waziri siku hiyo. Alikuwa ameshafanya sehemu yake zamani, akiwa mhariri.